Tepu Kwenye Mota ya Gramafoni ya Kanisa

Mwingi, Jumatano

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakuamkia wewe na baba. Najua barua hii utaisoma ukiwa umekaa kwenye cherehani yako pale barazani Kikima, miwani puani, na kabla hujafika mstari wa tatu utakuwa umeanza kuuliza kama nakula. Nakula. Juzi nilipewa muthokoi, mahindi ya kukoboa na kunde, uliopikwa karibu kama wako. Nasema karibu. Goti la baba linaendeleaje? Na ukungu wa Mbooni bado unamkohoza asubuhi? Huku hatujui ukungu. Huku ni vumbi, mbuzi na malori ya Garissa, na maji ya mtungi yanapata moto kabla ya saa nne.

Mwili wangu ni mzima, mama. Kilichoharibika ni kitu kingine, na naandika mbio ili barua hii itangulie mdomo wa yule mama wa kabichi anayetoka kwenu kuja soko la huku. Atakuambia mwanao amewekwa benchi ya nyuma kanisani, miezi mitatu, haruhusiwi kushika kitu wala kuomba mbele za watu. Ni kweli. Usimbishie. Lakini yeye atakupa nusu ndogo. Nusu kubwa ni kwamba Syombua, yule msichana niliyekuandikia habari zake wakati wa Pasaka, yule anayeongoza kwaya yetu, alikuwa karibu apoteze nafasi yake ya kusomea uuguzi kwa sababu ya kipande cha tepu kisichozidi ukucha wangu wa kidole kidogo. Na tepu hiyo niliibandika mimi.

Uniruhusu nianze na mashine, maana bila mashine hutaelewa kosa lenyewe. Gramafoni si uchawi. Ukiinua lile duara la chuma ambalo santuri hulalia, chini yake utakuta mota, na juu ya mota kijiti cha chuma kinachozunguka mbio sana. Kijiti hakigusi duara. Katikati yao kuna kigurudumu cha mpira, ndugu kabisa wa kile cha cherehani yako kinachoegemea gurudumu kubwa unapojaza uzi kwenye bobini. Kijiti kinazungusha mpira, mpira unazungusha duara, basi. Mpira ukizeeka na kuwa mgumu, au ukiingia mafuta, unateleza, na mwimbaji anaanza kuimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hilo nililijua kabla sijajua neno mota, tangu siku uliponichapa kwa kutia mafuta mpira wa bobini yako nikidhani nakusaidia.

Spidi nayo ina hesabu yake. Zile santuri kubwa hutakiwa kuzunguka mara mia moja kwa dakika tatu. Unabandika karatasi ndogo ukingoni, unashika saa, unahesabu kila karatasi inapokupita. Ikipungua mia, sauti inashuka na wimbo unakokota miguu. Ikizidi, sauti inapanda na wimbo unakimbia. Mafundi wengine hutumia kadi ya duara yenye mistari myeusi. Unaiweka mahali pa santuri, unawasha taa ya stima juu yake. Spidi ikiwa sawa, mistari inaonekana imesimama tuli ingawa kadi inazunguka. Ikizidi, mistari inatambaa kwenda mbele. Kadi kama hiyo niliachiwa na fundi aliyenifunza kazi kule Kitui mjini. Nilikuwa nayo, mama. Nataka ujue kwamba nilikuwa nayo.

Miezi miwili iliyopita Mwalimu Kilonzo aliniletea gramafoni ya kanisa. Yeye ndiye mwalimu wa kwaya. Mwisho wa mwezi huu kuna mashindano ya kwaya Kitui, na wimbo wa lazima uliletwa kwa santuri ili makanisa yote yajifunze kwa namna moja. Mwalimu hana kinanda. Hata do yake, ile sauti ya kuanzia wimbo, anaichukua kwenye santuri. Inavyolia ndivyo wanavyoimba. Sasa mashine ilikuwa inakokota. "Fundi," akaniambia, "hii kitu inaimba kama imekunywa. Nitengenezee, competition iko karibu."

Nikaifungua. Mpira ulikuwa unang'aa kama kioo. Nikausugua kwa msasa mpaka ukashika tena, nikatia mota tone la mafuta, nikapangusa kila mahali, nikashika saa. Tisini na mbili. Nikarudia. Tisini na mbili. Nikaweka kadi chini ya taa, na mistari ikasimama tuli kabisa. Kadi inasema mashine ni nzima, saa inasema ni mgonjwa. Fundi mwenye akili angeketi chini akajiuliza ni kwa nini mashahidi wawili wanapingana. Kuuliza si ujinga, ulituambia kila siku. Mimi nikaona kadi ni karatasi tu na saa nilinunua kwa jasho langu, basi nikaiamini saa. Nikazungushia kile kijiti cha mota tepu nyembamba. Kijiti kikinenepa kinasukuma mpira zaidi kila mzunguko, kama vile bobini iliyojaa inavyovuta uzi mwingi kuliko tupu. Nikahesabu. Mia moja kamili! Mistari ya kadi ikaanza kutambaa mbele kama siafu. Nikaitupa kadi kwenye droo, nikaiita mwongo, na nikampa Mwalimu mashine yake huku nimetunisha kifua.

Kitu ambacho sikukifikiria ni ukuta wa kibanda changu. Ng'ambo ya ukuta huo ni kinu cha Mzee Nzioka, na stima yangu inatoka kwenye injini yake, ileile inayosaga mahindi ya mji mzima. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, kelele yake ndiyo inayoniamsha. Lakini unajua mtu akikaa na kelele mwisho haisikii.

Kanisani stima ni ya jenereta ya misheni. Kwaya ikaanza mazoezi huko. Mimi si mwimbaji, sauti yangu unaijua, kwa hivyo sikuwa nakwenda. Habari nilizisikia kwa watu. Katika wimbo ule kuna mahali ambapo kwaya yote inanyamaza na kiongozi anapanda peke yake. Wiki ya kwanza Syombua alifika pale juu. Wiki ya pili alifika kwa shida. Wiki ya tatu sauti ikapasuka mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo kila akikaribia mahali pale, inapasuka. Akanywa tangawizi, akanyamaza siku nne nzima bila kuongea na mtu. Wapi. Nilimpelekea asali nikamkuta kisimani.

"Asante," akasema, "lakini shida haiko kwa koo, Mutinda. Kila mahali pengine naimba sawa. Ni pale tu. Ni kama mtu ameongeza ngazi."

Nikamwambia apumzike, atapona. Mimi, niliyeiongeza ngazi yenyewe, nikampa pole.

Sasa kanisa letu ni la watu wazuri, mama, lakini unajua watu wazuri wakianza kunong'ona. Wakasema sauti hutoka kwa Mungu, na Mungu akiichukua hakosi sababu. Wengine wakamtazama tumbo. Mzee Muli, mkubwa wa wazee wa kanisa, akamwita na kumwambia ajichunguze, na asipojitoa mwenyewe wazee watakaa kikao juu ya jambo lake. Huu haukuwa wakati wa kukaliwa kikao. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimemwita aripoti kesho Alhamisi, na sharti lao ni barua ya mchungaji kwamba mwenye kuja ni mshiriki mwema wa kanisa. Aliye chini ya adhabu hapewi barua hiyo. Bila barua, nafasi inakwenda kwa mwingine, na kwao baba mtu ameshasema mwaka mwingine hakuna shule, ni kuolewa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Ijumaa iliyopita mchana, Mzee Abdi aliponiingilia kibandani akiwa amebeba gramafoni yake kifuani kama mtu aliyebeba kondoo. Mzee Abdi ni Msomali mwenye hoteli ya chai na jenereta yake mwenyewe pale malori yanaposimama. Mashine yake niliitengeneza baada ya ile ya kanisa, kwa saa ileile na tepu ileile, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kulalamika.

"Wewe fundi," akasema, "ile mtu naimba kwa santuri yangu ilikuwa mwanaume. Saa hii ni mtoto ya shule. Wateja nacheka mimi!"

"Mzee, ni masikio yako. Mashine iko sawa, nilihesabu mimi mwenyewe."

"Haya, hesabu tena. Mimi nakaa hapa, siendi."

Nikaweka karatasi ukingoni nikahesabu kwa hasira, nikitaka kumwaibisha. Mia moja na nane. Nikadhani nimekosea. Nikarudia, mia moja na nane, na mwimbaji kweli alikuwa analia kama katoto. Hapo ndipo masikio yangu yalipozibuka. Kinu kilikuwa kimya. Siku hiyo kinu hakikuwa na mahindi, injini ilikuwa inazunguka bila mzigo kwa sababu Mzee Nzioka alikuwa anachaji betri za redio. Kabla sijasema neno, mama mmoja akafika na debe lake, nikasikia mahindi yakimwagwa kwenye kinu, injini ikaguna, ikainama, na mbele ya macho yangu taa ikafifia kidogo na wimbo ukashuka. Ukashuka mama, pole pole, mpaka yule mtoto wa shule akawa mwanamume.

Mzee Abdi akajipiga goti. "Hiyo! Hiyo ndiyo yeye! Umefanya nini? Wacha hapo hapo!"

Sikuwa nimefanya kitu. Mahindi ndiyo yaliyofanya. Injini ikibanwa na mahindi inapunguza mwendo, stima yake inapungua mwendo, na mota ya gramafoni hufuata stima, haijui saa. Nikaitoa kadi kwenye droo. Kadi nayo haijui saa. Inapima mashine kwa stima, kwa sababu taa inayoimulika inatoka kwenye stima hiyohiyo. Ilikuwa imeniambia kweli siku ile: mashine yako ni nzima, fundi, kinachokokota ni injini ya jirani. Na mimi nikainenepesha mota nzima ili ifae injini iliyochoka, kisha nikaipeleka mahali ambapo injini haijachoka. Kwa miezi miwili kwaya yetu imekuwa ikijifunza wimbo juu ya pale ulipotungwa, na mahali pa kupanda peke yake hakuna binadamu wa kupafikia bila kupasuka. Wengine walikuwa wanajificha kati ya sauti za wenzao. Syombua hakuwa na pa kujificha.

Nilipaswa kukimbia palepale hadi kwa mchungaji. Nitakuambia kwa nini sikukimbia, na sitajipamba. Niliogopa. Misheni inaniletea redio zao zote na kazi ya spika za mkutano mkubwa ilikuwa imeahidiwa kuwa yangu. Nikajiona nikiwa mtu wa kuchekwa kuanzia kinu hadi stendi. Nikajiambia: nikitoa ile tepu kimya kimya, wimbo utarudi mahali pake, Syombua ataimba, maneno yatakufa yenyewe, na hakuna aliyeumia. Nililala vizuri usiku huo, mama. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Jumamosi nikaenda kanisani na bisibisi mfukoni. Mwalimu Kilonzo alikuwa anapanga viti. Nikamwambia nimekuja kupangusa sindano. Akanishukuru! Nikainua duara, nikabandua tepu, nikaipangusa gundi kwa kitambaa chenye spiriti, nikafunga. Kazi ya dakika kumi. "Imekuwaje?" akaniuliza. Nikasema, "Sindano tu ilikuwa na vumbi." Nilisema hivyo ndani ya nyumba ya Mungu nikimtazama usoni.

Jumapili nikakaa benchi ya tatu, nikingoja kwaya kama mtu anayengoja habari njema. Lakini kabla ya kwaya huja wakati wa ushuhuda, na Syombua akasimama. Mimi sikujua kwamba Mzee Muli alikuwa amekwenda kwao Jumamosi hiyohiyo jioni, akakaa na wazazi wake mpaka wakamwambia binti yao, tafuta ulichofanya useme, tuondokane na aibu hii. Alisimama amevaa nguo yake nyeupe ya kwaya. Akasema amejichunguza siku nyingi na amepata kitu kimoja. Siku moja alipokuwa anarudi sokoni alisikia santuri ikipigwa hotelini kwa Mzee Abdi, wimbo wa dunia. Akasimama nje akausikiliza mpaka mwisho, na ulimpendeza. Akaomba Mungu na kanisa wamsamehe.

Hilo tu. Hilo ndilo alilolipata baada ya kujipekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Miguu yangu ilitaka kusimama. Naapa ilitaka. Haikusimama.

Mchungaji akamwombea. Mwalimu Kilonzo kwa furaha akaomba kwaya ijaribu wimbo wa lazima hapo hapo, akaweka santuri ili wachukue do. Ikalia mahali pake pa haki. Wakaimba, na mahali pale palipofika wakanyamaza, na Syombua akapanda peke yake akafika, mama, akafika bila hata kunyoosha shingo, akakaa pale juu kana kwamba ni kwao. Kina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu akalia. Mzee Muli akainuka mikono juu: "Mmeona! Dhambi imetoka, sauti imerudi! Bwana asifiwe!" Na kanisa lote likaitikia.

Tepu yangu ndiyo iliyokuwa imetoka. Ile hila yangu ya Jumamosi ndiyo iliyomtia msichana asiye na kosa muhuri wa kosa. Kama ningeiacha tepu, sauti ingepasuka tena na angalau wangeona kuungama hakukuponya kitu. Sasa watu mia mbili walikuwa wameona kwa macho yao. Na Mzee Muli alipomaliza kushangilia akakumbusha sheria: aliyeungama hukaa benchi ya nyuma miezi mitatu, hata akisamehewa. Syombua akavua kitambaa cha kwaya shingoni, akakikunja vizuri, akampa Mwalimu, akatembea kwenda nyuma. Alinipita. Nikatazama viatu vyangu.

Usiku huo sikulala, wala sikustahili. Jumatatu asubuhi nikamkuta mchungaji nyumbani kwake akichambua mbegu za pojo kwenye ungo, barua ya Syombua akiwa hajaiandika. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa maana ningekaa nisingemaliza. Hakunikatiza. Mwisho akauliza maswali mawili tu.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa, mchungaji."

"Na jana ulikuwa kanisani?"

"Nilikuwa."

Akaweka ungo chini. "Mimi siwezi kuifuta hii kitu hapa nyumbani na kalamu. Alisema mbele ya watu. Ikifutwa, itafutwa mbele ya watu. Enda ulete tepu yako."

Kengele ikapigwa saa tisa. Watu walikuja mbio wakidhani kuna msiba. Nikawekewa dawati mbele na gramafoni juu yake, nikaifungua mbele yao, nikawaonyesha kijiti na mpira na duara. Nikamwomba Mwalimu Kilonzo ashike saa ahesabu mwenyewe kwa sauti. Mia moja. Santuri ikapigwa, ikalia kama Jumapili. Kisha nikazungushia tepu. Vidole vilikuwa vimelowa jasho hata haikushika mara ya kwanza, ikabidi nirudie huku wananitazama. Mwalimu akahesabu: mia moja na nane. Santuri ikapigwa tena, na kwaya yote, kila mmoja wao, wakageukiana. Walikuwa wameutambua wimbo wao. Huo ndio waliouimba miezi miwili.

Nikasema: nilipima vibaya, kosa ni langu. Nikasema nililijua Ijumaa, na Jumamosi nikaja hapa nikaiondoa tepu kwa siri nikamdanganya Mwalimu. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mzee Muli akagonga fimbo sakafuni mpaka wakanyamaza.

"Kijana, kwa hivyo wewe unatuambia Roho hakushuka hapa jana?"

"Mzee, mimi sijui mambo ya Roho. Najua mambo ya tepu."

Wengine wakacheka, Mzee hakucheka. Akasema mashine ni mashine, lakini msichana mwenyewe amekiri alisimama hotelini, na kukiri ni kukiri. Mchungaji akamgeukia Syombua kule nyuma na kumwuliza kama anataka kuyaondoa maneno yake. Nilitaka aseme ndiyo. Kila mtu alitaka aseme ndiyo, mama yake alikuwa anamfanyia ishara kwa kichwa.

"Siondoi," akasema Syombua. "Nilisimama pale na nilisikia na nilipenda. Ni ukweli. Lakini mliniuliza sababu ya sauti yangu, na hiyo haikuwa sababu. Mimi nilisema ukweli. Ni mashine ilisema uongo."

 Mchungaji akauliza kama kuna mtu humo ndani aliyewahi kupita pale hotelini akaziba masikio.  Mwalimu Kilonzo alianza kukohoa. Mchungaji akaomba karatasi, akaiandika ile barua palepale juu ya dawati, kando ya gramafoni iliyo wazi, akaisoma kwa sauti kila mtu asikie kwamba Syombua ni mshiriki mwema asiye na lawama, akapiga muhuri. Kisha akaniambia mimi niende nyuma. Si kwa kupima vibaya, akasema, fundi yeyote hukosea. Ni kwa Jumamosi na Jumapili. Nikaenda. Mficha uchi hazai, mama, na mimi niliuficha siku tatu.

Najua sasa unatabasamu, unasema basi yameisha vizuri, msichana amepata barua. Na mimi nilidhani hivyo. Jana asubuhi alipita kibandani na sanduku lake akienda stendi. Nilifurahi kumwona, nikaanza kumsafishia kiti. Hakukaa.

"Ulijua Ijumaa," akasema.

"Ijumaa mchana."

"Na Jumapili ulikuwa benchi ya tatu. Nilikuwa naangalia wewe nikiongea, kwa sababu nilifikiri wewe ndiye mtu mmoja hapa ndani hanidhanii mabaya."

Nikamwambia naomba msamaha. Nikamwambia nilisimama, hata kama nilichelewa, nilisimama mbele ya wote.

"Ni kweli, Jumatatu ulisimama," akasema, bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa na hasira. "Asante kwa Jumatatu. Lakini mimi sikuwa na kosa, nikasimama. Wewe ulikuwa nalo, ukakaa."

Akainua sanduku lake mwenyewe, akanikataza kwa mkono nilipotaka kulibeba, akaenda. Nikabaki na kitambaa mkononi. Kinu kikaanza kusaga.

Nisalimie baba, umwambie kile kipaza sauti cha redio yake nimekipata na nitakituma. Nisalimie dada yangu na mtoto wake mchanga, na shangazi wa ng'ambo ya mto ambaye najua atakuja kusomewa barua hii. Msomee yote, usiruke aibu yangu. Nisalimie pia mjomba. Mwambie wale mbuzi watatu aliotaka kuwaleta mwezi wa kumi na mbili kwa baba yake Syombua, kufunga uchumba, awarudishe kundini na wengine. Safari hiyo haipo.

Na wewe, mwaitu, nakujua. Ukimaliza kusoma utatafuta karatasi umwandikie Syombua barua tamu ya kuniombea. Usimwandikie. Alichoniambia ni haki yake, na mimi bado natafuta la kumjibu.

Ni mimi mtoto wako,
Mutinda